Fundi wa kanzu kaniambia bega la kulia limeshuka, ni voliboli au kuna jengine?

bega_Kikwajuni, Jumamosi saa 3:14 usiku

Assalam alaykum jamani. Nina suala naomba mwenye elimu anisaidie maana tangu jana sina raha. Mie nacheza voliboli mwaka wa nne huu, mpigaji wa pembeni, mkono wa kulia, siku nne kwa wiki na tano tukiwa na mashindano. Sasa jana nimekwenda Darajani hapa Unguja kupimiwa kanzu ya Idi, mzee yule ananishonea tangu niko skuli, kapima bega la kushoto, kapima la kulia, karudia tena, kisha kanishika mabega yote mawili kaniambia mwanangu simama sawa. Namwambia nimesimama sawa. Akasema basi bega lako la kulia limeshuka, nikikata sawa kwa sawa kanzu itakwenda upande. Akanisogeza kwenye kioo wallahi nikaona mwenyewe, upana wa vidole viwili hivi.

Maumivu makali sina. Nikitia takbira mkono unanyanyuka vizuri tu, ila siku niliyopiga smeshi nyingi usiku bega linawaka kwa nyuma na nikililalia nazinduka. Mwaka jana nilikwenda kituo kimoja cha afya nikapewa vidonge vya maumivu nikaambiwa nipumzike, nikapumzika wiki mbili, niliporudi kiwanjani yale yale.

Nyumbani kaka yangu ni mtu wa ngalawa na mdogo wetu wa mwisho ni wa makachu, kila jioni maji yakijaa yuko Forodhani anajirusha. Jana usiku nimewasimamisha wote wawili bila mashati nikawaangalia. Kaka mgongo umetanuka lakini mabega yako sawa, yule mdogo sawa pia ila yamejikunja kwa mbele. Nikajiuliza, ina maana kila mchezo unajenga bega kivyake? Na mie nifanye nini, niache voliboli?

chuma_Mwembeladu, saa 3:40 usiku

Wa alaykum salam kaka, usiache mchezo hata kidogo. Bega limeshuka kwa sababu limechoka halina nguvu ya kutosha, piga pushapu mia kila asubuhi na benchi mara tatu kwa wiki uongeze kilo polepole, kifua kikijaa bega linashikwa lenyewe. Mie nimeanza na kilo 40 leo nasukuma 95, na supu ya pweza usisahau.

fizio_Wete, saa 4:55 usiku

Wa alaykum salaam mwanangu. Mie ni mfiziotherapia, yaani natibu viungo kwa mazoezi, niko Pemba, mabega ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo kumradhi nitaandika kwa urefu.

Kwanza kaka wa Mwembeladu, najua nia yako njema, lakini hiyo dawa kwa mtu wa voliboli ni kumzidishia alichonacho. Ntaeleza.

Chukua chungwa uliweke juu ya kisosi cha chai. Ndiyo bega hilo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara, na pale kilipokaa ni padogo tena hapana kina, panashika robo mpaka theluthi tu ya lile duara. Nyonga imeingia shimoni, bega limekaa kisosini, ndiyo maana unaweza kuuzungusha mkono kila upande na ndiyo maana bega linachomoka kuliko kiungo chengine. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni misuli minne midogo, wataalamu wanaiita rotata kafu: mmoja kwa juu, miwili kwa nyuma, mmoja kwa mbele. Hii huioni kwenye kioo. Ile unayoiona, ya kifua na ule mpana wa mgongoni, ni mikubwa na kazi yake kubwa ni kuuvuta mkono chini na kuuzungusha kwa ndani.

Sasa unapopiga smeshi mkono unatoka nyuma ya kichwa unakuja mbele unajizungusha kwa ndani. Marekani wale warushaji wa besiboli wamepimwa, mkono unazunguka kwa kasi ya nyuzi 7,000 kwa sekunde, yaani ungekuwa hausimami ungezunguka mara 19 ndani ya sekunde moja. Smeshi yako haifiki huko lakini ni mwendo ule ule. Na mpira ukishaondoka, mkono nani anausimamisha? Kazi kubwa ni ya ile miwili midogo ya nyuma, tena huku inavutwa. Kila smeshi kifua kinapata zoezi la nguvu na nyuma inapata kipigo. Miaka minne! Injini imekua breki ni zile zile. Halafu umwambie mtu huyo aende akapige benchi.

Kuhusu kushuka: wapigaji wa voliboli, watu wa mpira wa mikono, tenisi, mkuki, wengi wao bega la mkono wa kazi liko chini kuliko jengine, misuli ni mizito zaidi na mishipi inayolishika, zile kamba za kuungia misuli na mifupa, imelegea. Kushuka peke yake hakunitishi. Kinachonishughulisha ni huo moto wa nyuma usiku.

Fanya hivi kesho. Tafuta ile mizani ya ndoana wanayopimia samaki. Funga kitambaa kigumu kwenye ndoana, upande wa pili ufunge kwenye kitasa cha mlango uliofungwa vizuri. Simama ubavu kwa mlango, kiwiko kigande ubavuni, mkono umekunjwa mbele yako kama umebeba sinia. Vuta kwa ndani kuelekea tumboni, mtu mwengine asome kilo. Kisha geuka, vuta kwa nje, asome. Mara tatu kila upande, chukua kubwa. Mikono yote miwili. Ya nje gawa kwa ya ndani. Sie tunataka ya nje isipungue theluthi mbili ya ya ndani, na kwa mtu wa kurusha na kupiga bora ifike robo tatu. Ukivuta ikauma, acha hapo hapo.

Na jengine muhimu, mwambie mdogo wako akupige picha ya mgongo mchana, mwanga ukiwa wa ubavuni, mikono imeshuka. Angalia nyuma ya bega la kulia, chini ya ule ukingo wa mfupa bapa wa bega ulioko mgongoni, ulinganishe na kushoto. Kuna bonde?

nahodha_Mkokotoni, Jumapili saa 12:20 asubuhi

Nimesoma baada ya sala nimefurahi sana. Wanangu mie nimepiga kasia tangu miaka ya sabini na resi za ngalawa nimeshindana sana. Huyo kijana anashangaa kaka yake mabega yako sawa, sababu ni kuwa sie tulifundishwa na wazee kubadilisha upande. Ukipiga kafi upande mmoja tu kutoka asubuhi mpaka adhuhuri jioni huwezi kujifunga shuka, kwa hiyo kila baada ya muda nahodha anaita na mnageuza. Aliyekuwa mbishi hageuzi tulimjua kwa mwendo wake nchi kavu, alikuwa kajipinda.

Mie nalifahamu bega hivi. Ngalawa ina matengo mawili, ile miti ya ubavuni inayoizuia isipinduke. Mtu akatie nguvu kwenye tanga, aongeze tanga kubwa, aongeze watu, kama tengo la upande mmoja limeoza upepo ukija unakwenda kuogelea. Huyo fizio ndiyo anachosema.

Nina suala mama, kwenye kuvuta kasia mbona sie tunaumwa zaidi huku kati ya mabega na mbavuni kuliko bega lenyewe?

fizio_Wete, saa 2:05 asubuhi

Shikamoo mzee wangu, tengo nimelipenda nitalitumia kwa wagonjwa wangu.

Kwenye kasia mkono hauendi juu ya kichwa. Mnavuta kuja kwenu, kazi inafanywa na mgongo mpana na ile misuli inayokusanya mifupa bapa miwili katikati, kwa hiyo nyuma yenu ina nguvu kuliko ya mtu wa voliboli, na lile chungwa linatulia kisosini. Ila misuli inayovuta vile imeshikana na mbavu, ukivuta mara elfu kwa siku mbavu nazo zinavutwa mara elfu, ndiyo wapiga makasia wa Ulaya wanaoshindana wengine hupata hata nyufa za mbavu. Kubadilisha upande kumewasaidia sana mzee, sie tunawalipisha watu fedha kuwaambia jambo lile lile.

Nyie na wachumaji wa karafuu ni mbali kabisa. Huku msimu ukifika napokea wanawake na vijana foleni, mtu kashinda mtini mkono mmoja umeshika tawi mwengine uko juu ya kichwa unakata vikonyo saa sita saba. Hawa kasi hawana, ni mkono kukaa juu tu, na kule juu mshipi wa ule msuli wa juu unabanwa na mfupa. Hawa nawaanzia kwengine kabisa.

ngumi_Amani, saa 3:30 asubuhi

Naomba niweke na sie wa ngumi maana tumesahauliwa muda mrefu, toka baada ya Mapinduzi ya 1964 ngumi zilikuwa marufuku hapa kwetu Zanzibar mpaka 2022 ndiyo zikarudishwa, kwa hiyo vijana wengi sasa hivi wanaanza na hawana mtu wa kuwaelekeza mambo ya mwili. Ninachokiona mazoezini: kijana miezi mitatu tu anapata ile misuli ya mbavuni chini ya kwapa, inatokeza kama vidole, anafurahi. Lakini mabega yanaingia mbele, kidevu mbele, hata akiwa amekaa baraza hivyo hivyo. Mie nawafundisha ngumi inavyotoka irudi kwa kasi ile ile, sikutaka kwa ajili ya bega nilitaka asipigwe, je inasaidia?

fizio_Wete, saa 3:52 asubuhi

Inasaidia kocha, kule kuirudisha ndiko kunakozitia kazi nyuma. Hiyo misuli ya mbavuni ni mizuri tena, ndiyo inayoubeba mfupa bapa uzunguke mkono ukinyanyuka, wengi wa wagonjwa wangu wanaikosa. Kwa kila raundi ya begi wape na zoezi la kuvuta, mpira au kamba, wakusanye mabega nyuma, na muwe mnawaangalia kwa ubavu siyo kwa mbele tu.

mwalimu_wa_maji, saa 5:10 asubuhi

Salaam, mie nafundisha wasichana kuogelea huku kaskazini. Dada fizio, watoto wangu wanaotaka kushindana wanaogelea kifudifudi wengi wao wanalalamika bega kwa mbele, yote mawili, na mabega yao yamekunjika kama ya yule mdogo wa makachu. Mtu mmoja kaniambia niwaogeleshe chali nusu ya mazoezi itasawazisha. Ni kweli?

fizio_Wete, saa 1:15 usiku

Kumradhi kwa kuchelewa nilikuwa na shughuli ya familia.

Kuogelea kuna sifa moja nzuri, mikono yote inafanya kazi sawa, kwa hiyo fundi wa kanzu hatoona kitu. Kasoro ya muogeleaji iko mbele na nyuma, haiko kulia na kushoto. Mwili mzima unaburutwa na mikono, kila mvuto ni kifua na mgongo mpana vinazungusha mkono kwa ndani, na anayeshindana anafanya hivyo maelfu ya mara kwa siku moja.

Chali inapumzisha na kifua kinafunguka, endelea nayo. Lakini kusawazisha haisawazishi, kwa sababu hata chali mkono ukishaingia majini unavuta maji kwa misuli ile ile. Upande wa nyuma utaupata nchi kavu. Watoto wakimaliza kuogelea walaze kifudifudi mchangani, vidole gumba vitazame juu, wanyanyue mikono kama herufi Y, wahesabu mpaka tano washushe polepole. Mara kumi, wapumzike, tena. Hawatoipenda siku ya kwanza. Na yule wa makachu maji yanampiga mikononi kila akiingia, afunge viwiko na avishikanishe viganja, nasikitika wengi wanaingia mikono imeachana.

bega_Kikwajuni, saa 2:40 usiku

Nimepima. Mizani nimeazima kwa muuza samaki jirani yetu, mdogo wangu kasoma.

Kushoto ndani kilo 12, nje 9.
Kulia ndani kilo 15, nje 7.

Yaani kulia ndani nimemzidi kushoto kilo tatu, lakini nje mkono wangu wa kazi umeshindwa na wa kushoto ambao sifanyi nao kitu! Nimerudia mara tano nikadhani mdogo wangu anasoma vibaya. Na haikuuma, mkono unakataa tu, kama umelala.

Picha nimeiangalia. Lipo bonde. Dogo, lakini lipo, chini ya ule ukingo kama ulivyosema, kushoto hakuna. Mama kaliona kabla yangu, kaweka kidole pale pale.

chuma_Mwembeladu, saa 2:58 usiku

Duh. Kaka nakuombea afya. Na mie nimejipima hapa gym kwa mizani ile ya mabegi, kulia ndani 22 nje 12, kushoto 21 na 11. Sijawahi hata siku moja kufanya zoezi la kuvuta kwa nje, nasema ukweli. Nafuta ushauri wangu wa jana.

fizio_Wete, saa 3:20 usiku

Mwanangu wa Kikwajuni nisikilize vizuri na usiogope.

Saba kwa kumi na tano haifiki nusu. Hiyo peke yake ningesema ni breki dhaifu tukaanza mazoezi leo leo. Lakini bonde, na udhaifu usiouma, hapo nafikiria mshipa wa fahamu. Kuna mshipa mmoja unatoka shingoni unapita kwenye vijia vyembamba vya mfupa bapa kwenda kuulisha ule msuli wa nyuma. Kwa wapigaji wa voliboli mshipa huu unavutwa na kusuguliwa kila mkono unapokwenda nyuma na kusimama ghafla, na ni jambo linalojulikana sana kwenye mchezo wenu kuliko mchezo mwengine wowote. Msuli unaokosa mshipa unakonda, ndiyo hilo bonde. Wengi hawaumwi ndiyo wanaendelea kucheza miaka hawajui. Pengine ni kule kuvutwa tu, pengine kuna kifuko cha maji kinakandamiza, na haya mawili matibabu yake siyo mamoja, kwa hiyo lazima dakta akuone. Nenda spitali ya Mnazi Mmoja wiki hii, muombe dakta wa mifupa akupime bega na mishipa ya fahamu na umuoneshe hiyo picha na hizo kilo, umwambie maneno haya haya: dhaifu kwa nje, haliumi nikisukuma, limekonda nyuma. Ukiambiwa ni misuli imechoka ukapewa vidonge tena, muombe kwa heshima akuangalie nyuma bila shati.

Smeshi simamisha mpaka uonwe. Kuseti na kupokea unaweza. Sikwambii uache voliboli.

Zoezi la kuanzia, jepesi sana: chukua tyubu ya baiskeli, ioshe, ikate iwe kamba moja, ifunge kwenye kitasa. Taula lililokunjwa liweke kwapani ulibane kwa kiwiko, hilo taula usilidharau, likidondoka ujue umeanza kudanganya kwa bega zima. Vuta kwa nje hesabu moja, rudisha kwa hesabu nne. Kurudisha polepole ndiyo zoezi lenyewe, pale ndipo msuli unajifunza kuwa breki. Kumi na tano, pumzika, mara tatu, siku tatu kwa wiki, mikono yote miwili. Kama mkono unatetemeka legeza tyubu. Usitegemee mabadiliko kabla ya wiki sita mpaka nane, na kama ni mshipa ni miezi.

Na kaka wa Mwembeladu nawe fanya, 12 kwa 22 ni ndogo, ila wewe mikono yote iko karibu sawa na bonde hujasema, kwa hiyo ni mazoezi ya mbele tu bila ya nyuma. Kila seti ya benchi lipa na seti mbili za kuvuta.

nahodha_Mkokotoni, saa 3:45 usiku

Hivi huyu Mhispania wa tenisi, Nadal, kijana wangu alinionesha, anaandika kwa kulia lakini alikuwa akicheza kwa kushoto na mkono wa kushoto ukawa mnene kuliko wa kulia. Kwa hiyo hayo si maumbile ya kuzaliwa nayo mwanangu, mkono unafuata kazi. Kama kazi imeuharibu kazi itautengeneza, inshallah.

bega_Kikwajuni, Jumanne saa 12:05 jioni

Nimerudi spitali. Dakta kanivua shati, kaliona bonde mwenyewe kabla sijamwambia, kanisukuma mkono kwa nje, ukaanguka. Nimeandikiwa MRI, ile picha ya ndani ya bega, na kipimo cha mshipa, nasubiri tarehe. Kasema mazoezi ya tyubu niendelee, taula akacheka akasema nani kakufundisha, nikamwambia mama mmoja wa Pemba.

Tyubu nimechukua ya baiskeli kubwa, naona nzito, ukifika kumi mkono unatetemeka. Nichukue ya baiskeli ya mtoto au niirefushe hii?

fizio_Wete, saa 12:30 jioni

Irefushe, simama karibu na mlango zaidi. Na usiku ukilala lalia kushoto, mkono wa kulia uweke juu ya mto usining'inie mbele.

bega_Kikwajuni, saa 12:41 jioni

Sawa mama, ahsante sana. Fundi kanipigia simu anauliza akate vipi, nimemwambia akate sawa kwa sawa.